Huduma ya kupima bili ya umeme dhidi ya baridi, Arusha: maoni ya mlea vifaranga wa Ngaramtoni

Nianze na kitu chenyewe nilichonunua, maana watu wakisikia ukaguzi wa umeme wanamfikiria fundi mwenye ngazi anayekuja kubadilisha balbu. Mimi nilinunua hesabu. Kuna ofisi ndogo ya ushauri wa nishati, ghorofani, mitaa ya nyuma ya Soko Kuu. Unawapelekea kumbukumbu zako za umeme za mwaka mmoja au zaidi, wao wanazipanga kando ya joto la kila siku, kisha wanakwambia mwezi upi ulitumia uniti nyingi kwa sababu ya baridi na mwezi upi ulitumia nyingi kwa sababu zako mwenyewe. Bei ni shilingi 180,000: nusu kabla hawajafungua daftari lako, nusu ripoti ikitoka. Jina la ofisi nalihifadhi. Nina ya kuwasifu na nina ya kuwasema, na vijana wenyewe ndio kwanza wanaanza.

Kazi yangu ni kulea vifaranga. Nachukua wa siku moja, nakaa nao wiki nne kwenye bruda, yaani chumba chao cha joto, nawauza wakiwa wameshaota manyoya. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua kwamba wiki ya kwanza kifaranga anataka digrii 32 hadi 35, halafu kila wiki unashusha kama digrii tatu. Kwa hiyo umeme wangu hauendi kwenye televisheni, unaenda kwenye balbu za joto za wati 250. Balbu moja ikiwaka saa 24 inakula uniti 6. Kwa T1, daraja la bei nililopo, uniti ni shilingi 292, na ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (msimamizi wa bei za nishati) inafika 356, kwa hiyo balbu moja ni zaidi ya shilingi 2,100 kwa siku. Sasa weka balbu nne, halafu weka Julai ya Ngaramtoni, ukungu wa Meru unashuka jioni na kesho yake jua hulioni mpaka karibu na mchana, siku nyingine hulioni kabisa.

Julai iliyopita LUKU ilitumeza. Mume wangu akatoa hukumu mezani kabla chai haijapoa: ni kijana wa zamu ya usiku, anawasha balbu zote ili na yeye apate joto la kulalia, akatwe mshahara. Kijana naye akasema, "Mama, baridi ya mwaka huu si ile tuliyoizoea." Kila mmoja alikuwa na uhakika na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Ndiyo sababu nikapanda zile ngazi.

Injinia aliyenipokea ni kijana mpole, anaongea polepole kama mwalimu wa Sunday school. Aliniambia kwamba wanachokifanya wao kwa bruda ndicho nchi zinachokifanya kwa taifa zima. Nilidhani ni maneno ya kuuzia, lakini nilipokwenda kusoma mwenyewe nikakuta ni kweli. Wizara ya nishati ya Uingereza hutoa takwimu za matumizi ya nishati ya nchi kwa sura mbili: jinsi yalivyokuwa, na jinsi ambavyo yangekuwa endapo joto la mwaka huo lingelingana na wastani wa miaka 30, ambao sasa ni wa 1991 hadi 2020. Sababu yake inaeleweka haraka ukitazama 2010 na 2011. Desemba 2010 Uingereza ilipigwa na baridi ambayo Desemba haikuwa imeiona kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka uliofuata ulikuwa wa joto kuliko kawaida, matumizi ya nishati yakaporomoka. Mwanasiasa akisimama na takwimu ghafi za miaka hiyo miwili anaweza kujisifu kwamba wananchi wamejifunza kubana matumizi, kumbe sehemu kubwa ni hewa tu, mwaka mmoja imepoa sana, mwaka uliofuata imekuwa vuguvugu. Takwimu zilizosahihishwa ndizo zinazomnyang'anya kipaza sauti.

Ufaransa ndiyo iliyonishangaza zaidi. Kule nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme, na waendeshaji wa gridi yao wanakadiria kwamba wakati wa baridi joto likishuka digrii moja tu, nchi inadai kama megawati 2,400 zaidi. Bwawa letu la Mwalimu Nyerere, mashine zote tisa zikizunguka, ni megawati 2,115. Yaani digrii moja ya Ufaransa inalimeza bwawa zima na bado ina njaa. Tarehe 8 Februari 2012, wimbi la baridi likiwa limeikalia Ulaya, mahitaji yao yalivuka megawati 102,000, na hapo ndipo penye rekodi yao. Nikaelewa kwa nini watu wale hawawezi kusoma takwimu ya nishati bila kuuliza kwanza hali ya hewa ilikuwaje.

Kuna jambo moja ambalo injinia alilieleza vizuri na ningependa wote walielewe kabla ya kulipa. Kila Julai Arusha kuna baridi. Hiyo ni msimu, na si habari kwa mtu yeyote. Ukilinganisha Julai na Februari ukashangaa bili imepanda, huhitaji mtaalamu, unahitaji sweta. Swali lenye maana ni kama Julai hii imeizidi Julai ya kawaida, na kwa kiasi gani. Kuondoa msimu na kuondoa upekee wa joto la mwaka ni kazi mbili tofauti, na takwimu za robo mwaka za Waingereza hufanyiwa zote mbili.

Haya, huduma yenyewe.

Walianza kwa kukataa risiti zangu, na nawapa alama kwa hilo. Mimi nilikwenda na meseji zote za tokeni zilizoko kwenye simu, nikiamini ndiyo kumbukumbu ya matumizi. Injinia akaniuliza: mama, mwezi unaonunua umeme wa laki mbili tarehe 29, huo umeme unatumika mwezi gani? Kununua si kutumia. Isitoshe, tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, ikaanza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye ikawa 1,500, na usiponunua kwa miezi mitatu inakusubiri yote kwa mkupuo. Anayepima matumizi kwa shilingi anapima na kodi. Bahati ni kwamba kijana wa usiku, huyo huyo mtuhumiwa, huandika namba ya mita kwenye daftari kila asubuhi anapokabidhi zamu, pamoja na idadi ya vifaranga waliokufa. Daftari linaanzia 2023, lina madoa ya dawa na chai, lakini halina pengo kubwa. Injinia alilishika kwa mikono miwili. Bila daftari lile wangekusanya data upya kwa mwaka mzima kabla ya kunipa jibu lolote, na wewe unayefikiria huduma hii jiulize kwanza kama unalo la namna hiyo.

Waliniazimia pia kipimajoto kidogo chenye kumbukumbu, cha kutundika kivulini nje ya banda, kinachojiandikia joto chenyewe usiku na mchana. Kifaa kizuri, betri haikuisha, maji ya mvua hayakuingia. Wafanyakazi wangu walidhani ni kamera. Sikuwakatalia mapema sana.

Halafu ripoti ya kwanza ikaja.

Ilikuja kwa PDF, imepambwa, grafu za rangi, kurasa nyingi, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa mbele. Ukurasa wa hitimisho ulisema kwamba baridi haikuchangia chochote cha maana kwenye matumizi yangu ya Julai. Niliisoma nikiwa nimevaa sweta mbili.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo huduma za namna hii zinapofia, na hata takwimu za nchi zinaweza kufia. Kipimo wanachotumia kinaitwa digrii-siku. Unachagua joto la msingi, lile ambalo chini yake unaanza kuhitaji kuwasha kitu. Kila siku unatazama wastani wa joto la nje umepungua digrii ngapi chini ya msingi huo, unajumlisha mwezi mzima. Siku ya wastani wa digrii 12 kwa msingi wa 15.5 ni digrii-siku 3.5. Siku ya wastani wa 17 ni sifuri, kwa sababu haijashuka chini ya msingi. Uzuri wa kipimo ni kwamba kwa nyumba inayopashwa joto, nishati inayotumika hufuatana nacho karibu kwa mstari ulionyooka.

Sasa hiyo 15.5 ni ya nani? Ni ya Waingereza. Ndani ya nyumba yao wanataka kama digrii 18 au 19, na watu wenyewe, jiko, taa na jua la dirishani huchangia digrii kadhaa, kwa hiyo hita inahitajika tu nje kukishuka chini ya 15.5. Wamarekani hutumia Farenhaiti 65, ambayo ni kama 18.3 kwetu. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, huhesabu kutoka 18, lakini siku inaingia kwenye hesabu ikiwa tu wastani wake haukuzidi 15. Kila namba kati ya hizo ina nyumba nyuma yake, na ina watu wenye mazoea yao ndani ya nyumba hiyo. Hakuna hata moja yenye kifaranga wa siku mbili asiye na manyoya.

Na kama hiyo haitoshi, joto walilotumia lilikuwa la KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kiwanja cha KIA kiko karibu mita 890 juu ya usawa wa bahari. Kiwanja cha Arusha pale Kisongo kiko karibu mita 1,390, na mimi niko juu zaidi ya Kisongo. Kwa kawaida hewa hupoa kama digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kutoka KIA hadi Kisongo tu umeshapoteza digrii tatu na ushei. Msingi wa 15.5 juu ya joto la KIA unatoa sifuri, Julai au si Julai. Ukizidisha chochote kwa sifuri unapata ripoti niliyopewa.

Nilirudi nayo. Nikamwambia, "Mwanangu, kuku wangu hawaishi Uingereza, wala hawaishi uwanja wa ndege." Akaanza kujitetea kwamba hiyo ndiyo namba ya vitabu, kisha akanyamaza, akachukua kalamu. Hilo nalo nalihesabu upande wa sifa. Nimeshalipa watu wakubwa kuliko yeye ambao wangenieleza kwa saa nzima kwa nini sifuri ni sahihi.

Ripoti ya pili ilichelewa, niliwakumbusha kwa WhatsApp mpaka nikaona haya, lakini ilikuwa kitu kingine kabisa. Kwanza waliacha KIA wakachukua Kisongo, kisha wakalinganisha Kisongo na kipimajoto changu kwa wiki zile ambazo vyote viwili vilikuwa vinaandika, wakapata tofauti, wakaitumia kurekebisha miezi ya nyuma. Pili, hawakuchagua msingi kutoka kitabuni. Walijaribu msingi mmoja baada ya mwingine, kila mara wakiweka nukta za miezi kwenye grafu, digrii-siku upande huu na uniti upande ule, wakatafuta msingi unaozifanya nukta zisitawanyike sana. Ukaja 26. Nikauliza kwa nini si 32. Akasema, na nilikubaliana naye, kwamba 32 ni ya wiki ya kwanza tu, wiki ya nne wanataka chini ya hapo, na vifaranga mia kadhaa waliobanana nao ni jiko dogo, miili yao inatoa joto. Namba 26 ni wastani wa biashara yangu, si ya jirani.

Tatu, na hapa wengi hukosea hata kwenye taarifa za makampuni, hawakusahihisha bili yote. Kuna umeme wangu ambao haujali baridi: taa za ulinzi, pampu ya maji, friji ya chanjo, simu za wafanyakazi. Mstari wa kwenye grafu ukiurudisha nyuma hadi digrii-siku sifuri, pale unapogusa ndipo ulipo umeme huo. Unaweka pembeni, unasahihisha kilichobaki, unarudisha.

Mfano, kwa namba za kurahisisha. Mwezi umetumia uniti 600, na 200 kati ya hizo hazijali hali ya hewa. Zimebaki 400. Wastani wa joto la mwezi huo ulikuwa digrii 17, kwa hiyo kwa msingi wa 26 na siku 31 ni digrii-siku 279. Mwezi wa kawaida ungekuwa na wastani wa digrii 18, yaani digrii-siku 248. Unachukua 400, unazidisha kwa 248, unagawa kwa 279, unapata kama 356. Ukirudisha zile 200 inakuwa 556. Tofauti ya uniti 44 ni digrii moja ya baridi, na kwa bei ya T1 ni zaidi ya shilingi 15,000 ambazo hakuna mfanyakazi wa kukatwa. Ungesahihisha zote 600 kwa mkupuo ungepata 533, ungejipongeza kwa uniti ambazo hazikuwahi kuwa za baridi.

Wakagawa pia kwa idadi ya vifaranga, maana Julai nilikuwa na kundi kubwa kuliko mwaka uliotangulia. Nchi nazo hufanya vivyo hivyo kwa idadi ya watu au ukubwa wa uchumi. Wamarekani huenda mbali zaidi, wanapopata digrii-siku za taifa huwapa uzito watu: baridi ya mahali penye watu wengi huhesabiwa kuliko baridi ya nyikani. Ni haki, kwa sababu mlima hauwashi hita. Sisi tukijumlisha joto la Tanzania bila kuangalia watu wako wapi, theluji ya Kibo ingetusumbua bure.

Na majibu? Kupanda kwa Julai karibu kote kulielezwa na vitu viwili, baridi na wingi wa vifaranga. Kijana wa usiku akatoka mikono safi. Lakini nukta iliyokaa vibaya ilikuwa Novemba. Novemba bili yangu ilishuka, tulikuwa tumeshafurahi, hakuna aliyeitazama mara mbili. Kwenye grafu nukta ile ilikuwa juu ya mstari, imejitenga kabisa: kwa joto la Novemba ile tulipaswa kutumia kidogo sana kuliko tulivyotumia. Tulikagua tukakuta thamostati ya bruda ya pili imerukwa. Iliharibika, fundi akaunganisha nyaya moja kwa moja "kwa muda", balbu zikawa zinawaka saa sita mchana jua likiwa juu ya bati. Vifaranga walikuwa wanajibanza pembezoni, mbali na balbu, mabawa yameachia, na kijana alikuwa ameshaisema mara kadhaa asubuhi akikabidhi. Thamostati mpya ilinigharimu shilingi 35,000. Mume wangu alisema ripoti ni nzuri, akabadilisha mazungumzo.

Kwa ugunduzi huo tu nililipa nusu iliyobaki bila kinyongo. Hali ya joto zuri huficha uzembe kuliko baridi inavyouzua, na bila kusahihisha hulioni hilo kamwe, kwa sababu macho yote yako Julai.

Sasa lawama zilizobaki.

Ripoti yao inahesabu umeme tu. Daftari langu linapita kwenye mgao wa mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, na kwenye grafu yao miezi ile naonekana shujaa wa kubana matumizi. Si kweli. Umeme ulipokatika niliwasha vyungu vya mkaa katikati ya bruda, kama tunavyofanya sote. Kilo moja ya mkaa ina joto la kama megajuli 30, ambayo ni zaidi ya uniti 8 kabla hujahesabu linalopotea. Nishati ilitumika, ila haikupita kwenye mita. Niliwaambia waitoe miezi ile au waongeze magunia yangu kwenye hesabu. Waliitoa, jambo ambalo ni nusu ya jibu.

Na hili ndilo lililonifanya nifikirie takwimu za nchi kuliko za bruda. Sehemu kubwa ya nishati ya nyumbani Tanzania ni kuni na mkaa. Mama wa Monduli Juu anayeongeza kuni mbili jikoni usiku wa Julai ili watoto walale ameitikia baridi sawasawa na Mfaransa aliyewasha hita, lakini hakuna mita iliyomwona. Halafu miezi ya mgao, namba ya umeme uliotumika haisemi watu walitaka kiasi gani, inasema walipewa kiasi gani. Ukiichukua namba hiyo ukaisahihisha kwa joto kwa utaalamu wote wa Ulaya, utakuwa umeipiga pasi nguo isiyofuliwa. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kadiri watu wanavyohama kutoka mkaa kwenda gesi na umeme, ndivyo baridi ya Arusha itakavyoanza kuonekana kwenye mita za TANESCO na kwenye mitungi, mahali inapoweza kuhesabiwa. Hapo NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, na EWURA watakuwa na cha kusahihisha.

Watakuwa pia na tatizo la Moshi. Wifi yangu ana duka la vinywaji na samaki wa kugandisha Pasua. Kwake Julai ni mwezi wa raha, friza zinapumzika, na Januari na Februari ndizo zinazomla. Nilimpeleka kwa injinia huyo huyo. Kwake wanahesabu kinyume, digrii zilizo juu ya msingi badala ya chini. Eurostat kwa upande wa kupoza huhesabu siku ambazo wastani umefika 24 au zaidi, kutoka msingi wa 21. Friza, kama kifaranga, halijali msingi wa Eurostat, na safari hii injinia alilijua hilo kabla ya kuambiwa. Nchi yenye Ngaramtoni na Pasua, tena yenye viyoyozi vya Dar es Salaam juu yake, haiwezi kusahihishwa kwa joto moja la wastani. Mwaka ukiwa wa joto mimi nashusha, wifi anapandisha, na kwenye jumla ya taifa tunaweza kufutana tukaonekana hatupo.

Lawama nyingine ni za ofisini. Ripoti inatoa namba moja iliyosahihishwa bila kusema inaweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani, ilhali nukta za grafu zimetawanyika wazi kabisa. Upepo haumo, na bruda yangu yenye turubai upande wa magharibi inaujua upepo kuliko joto. "Kawaida" yao ni wastani wa miaka 10 ya Kisongo, si 30, na hawakuiandika sehemu inayoonekana, niliikuta kwenye maandishi madogo. Halafu ile PDF ni ya Kiingereza kitupu. Ripoti inayomhusu kijana wa zamu ya usiku ilibidi niketi naye nimsomee mimi.

Nani aende? Mwenye bruda, bekari, friza nyingi, nyumba ya wageni yenye maji moto, mradi awe na kumbukumbu za mita za angalau mwaka mmoja. Hosteli za Njiro na Sakina zingefaidika sana, zile shawa za umeme asubuhi ya Juni si mchezo. Mtu wa nyumbani aliye kwenye D1, chini ya uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja, abaki na 180,000 yake. Ukienda, kabla hujatoa nusu ya kwanza waulize joto wanalichukua kituo gani, msingi wataupataje, na mkaa wako utaingia wapi. Wakijibu 15.5 bila kukuuliza unafanya kazi gani, shuka ngazi.

Kurudia hesabu kwa mwaka wa pili wanatoza shilingi 60,000. Nimewaambia nitakuja, kwa sharti ripoti iwe ya Kiswahili na magunia ya mkaa yawe na safu yao. Kijana ameshaanza kuyaandika kwenye daftari, kando ya namba ya mita.